Chui wa Unguja: kwa nini swali la "yupo au hayupo" halijibiki kwa neno moja

Ukikaa barazani Makunduchi, Charawe au Kizimkazi ukauliza kama chui bado yupo, hutakosa jibu. Pengine utapata matatu kwa mpigo: yupo, alionekana juzijuzi; hayupo, wasasi walimmaliza zamani; yupo, lakini ana mwenyewe. Ukiwauliza wataalamu wa wanyama, wengi watakwambia ametoweka au amebaki ukingoni kabisa. Wote hawa hawajibu swali moja. Kuna anayesema alichokiona kwa macho yake, kuna anayedai ushahidi unaoweza kukaguliwa na mtu ambaye hakuwepo, na kuna anayezungumzia umiliki. Nyuzi hizo zikisukwa pamoja mazungumzo huishia ubishi, kwa hiyo ni bora kuzifumua moja moja.

Mnyama mwenyewe

Jina la kisayansi la chui wa Unguja ni Panthera pardus adersi. Alilitoa Reginald Innes Pocock wa Uingereza mwaka 1932, kwa kumkumbuka Dk. Aders, mwanabiolojia aliyeitumikia serikali ya Zanzibar wakati wa ukoloni. Aders huyohuyo ndiye aliyeachiwa jina la paa nunga, paa mdogo wa msituni, Cephalophus adersi. Mwindaji na windo lake wakawa majina jirani katika vitabu vya Kilatini, ingawa huku mashamba hakuna aliyewahi kuwaita hivyo.

Pocock alifanya kazi na ngozi, si na mnyama hai. Na mpaka leo hakuna mtafiti aliyemfuatilia chui huyu msituni kwa utaratibu, akajua anatembea umbali gani, anazaa lini, anakula nini zaidi. Umbo lake tunalijua kwa ngozi zipatazo sita zilizomo katika makumbusho. Moja ni ile ya Pocock iliyopo London, nyingine ni chui aliyekaushwa wa makumbusho ya hapa kwetu, ambaye rangi zake zimepauka mno. Ngozi hizo zinaonesha mnyama mdogo kuliko chui wa bara. Madoa yake pia ni mengine. Chui wa bara ana madoa yaliyojipanga duara duara kama maua. Ya huyu wa Unguja yamevunjikavunjika yakawa nukta ndogo zilizosongamana.

Udogo huo una maelezo yake. Mkondo ulio baina ya Unguja na bara una kina cha makumi ya mita tu. Zama za barafu bahari ilikuwa chini sana, na mtu angeweza kutoka Bagamoyo kuja Unguja kwa miguu. Katika pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, imechimbuliwa mifupa ya pundamilia na nyati, wanyama ambao leo hakuna anayewahusisha na kisiwa hiki. Maji yalipopanda, kiasi cha miaka 10,000 iliyopita, waliokuwa huku wakabaki huku. Wanyama wakubwa walimalizika. Chui akabaki na paa, kima, pelele na panya buku, katika kisiwa cha kilomita za mraba 1,600 hivi. Chui wachache walioanzisha ukoo, eneo dogo, windo dogo: vizazi zaidi ya elfu moja vya hali hiyo vinatosha kubadili kiwiliwili na ngozi.

Pemba ni hadithi nyingine na haina urefu. Mkondo wa Pemba una kina cha mita 800 hivi, na kisiwa kile kilitengana na bara zamani mno kabla ya hayo. Chui hakufika.

Kupotea kwenye karatasi

Hapa ndipo wasomaji wengi wanapochanganyikiwa. Tafiti za vinasaba zilizofanywa tangu miaka ya 1990 ziliwaweka chui wa Afrika katika fungu moja, na mwaka 2017 wataalamu wa jamii ya paka wa IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi wa maumbile, walipotoa orodha yao mpya ya nususpishi (matawi ya spishi moja) nane za chui duniani, Afrika nzima ilipewa moja tu. Chui wa Unguja hakupewa mstari wake. Orodha Nyekundu ya IUCN, inayopima hatari ya wanyama kutoweka, nayo humpima chui kama spishi moja, na tangu 2016 amewekwa katika daraja la chini kabisa kati ya yale matatu ya wanyama walio hatarini.

Matokeo yake ni ya ajabu kidogo. Utafiti wa mwaka huohuo wa 2016 ulikadiria kwamba chui wamepoteza kati ya asilimia 63 na 75 ya maeneo waliyokuwa wakiishi duniani, na kwa Afrika kati ya 48 na 67. Ndani ya tarakimu hizo kisiwa chetu ni tone. Chui akikosekana Unguja, asilimia haitikisiki hata kidogo, wakati kwa kisiwa hasara ni mia kwa mia. Chui wa bara akibanwa huhamia bonde la pili. Wa Unguja akibanwa anaikuta bahari.

Hatudhani kwamba waliomuunganisha na wenzake wa bara walikosea. Vinasaba hupimwa, havibembelezwi. Lakini umbo la zile ngozi sita halikufutika kwa kubadilishwa orodha.

Chui mwenye mwenyewe

Kwingine Afrika, sababu za chui kupungua zinajulikana: misitu kukatwa, windo kwisha, wafugaji kulipiza kisasi, biashara ya ngozi. Unguja baadhi ya hayo yapo, ila kuna jengine lililofanya kazi kubwa zaidi, na asiyelijua hawezi kuelewa kilichotokea.

Watafiti Martin Walsh na Helle Goldman, ambao wamelifuatilia suala hili tangu miaka ya 1990, wameandika kwa kina jinsi watu wa mashamba wanavyogawa chui mafungu mawili: chui wa mwitu na chui wa kufugwa. Wa kufugwa huaminiwa kuwa ni mali ya mchawi, ambaye humzalisha, humfunza, hubadilishana na wachawi wenzake, na humtuma kudhuru au kutisha. Si lazima uamini ili uone uzito wa jambo lenyewe. Kama chui ana mwenyewe, mbuzi aliyeliwa usiku si bahati mbaya ya mfugaji. Ni hujuma, na nyuma yake kuna mtu, pengine jirani. Kumuua chui ni kumkata mchawi mkono. Katika vita ya namna hiyo hakuna anayeuliza wabakishwe wangapi.

Imani hiyo ilipata kuni za kuiwasha katika karne ya 20. Watu waliongezeka, makonde yakasogea ndani ya uwanda na maweni, yaani ardhi ya mawe ya matumbawe, windo la chui likapungua, na chui akaanza kuonekana karibu na nyumba. Mifugo ilishambuliwa, na kwa kauli za wenyeji hata watoto. Kila tukio lilithibitisha kwamba wafugaji wa chui wapo kazini.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 ikaja kampeni ya kisiwa kizima, ikiongozwa na mganga aliyejulikana kwa jina la Kitanzi. Ilikuwa kampeni ya mambo mawili kwa pamoja: kuwafichua wachawi na kuwaua chui. Hata ilipopoa, chui aliendelea kuhesabiwa miongoni mwa wanyama waharibifu, pamoja na nguruwe, na vikundi vya wasasi vikaendelea kumwinda. Walsh na Goldman wanaona kwamba vitu viwili hivyo, ile kampeni na kule kuwekwa fungu la waharibifu, ndivyo vilivyomfikisha chui ukingoni.

Msitu na windo vilimalizia kazi. Miti ya maweni ilikatwa kwa kuni, mkaa na tanuu za chokaa. Paa nunga walikadiriwa kufika 5,000 mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwishoni mwa miaka ya 1990 makadirio yalishuka hadi mamia machache. Mwaka 2004 Jozani na Ghuba ya Chwaka zikawa Hifadhi ya Taifa, kilomita za mraba 50 hivi. Ni hatua kubwa kwa kima punju, wale kima wekundu wa Unguja, ambao hesabu iliyofanywa miaka ya 2010 iliwapata zaidi ya 5,800 kisiwani. Kwa chui, hata hivyo, 50 ni eneo dogo: bara, jike mmoja katika makazi mazuri hutumia kilomita za mraba 10 hadi 30, na dume hutaka zaidi. Nje ya hifadhi, sensa ya 2022 iliikuta Unguja na watu zaidi ya milioni 1.3.

Imani ileile iliyoharakisha kuua imevuruga pia kuhesabu. Aliyemwona chui hana hamu ya kusema, kwa kuwa swali la kwanza atakaloulizwa ni chui wa nani. Na akisema kwamba alikuwa wa kufugwa, khabari hiyo mtafiti hajui aiweke wapi. Mtafiti wa mwisho aliyedai kumwona alikuwa wa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wakati huohuo takwimu za serikali za uwindaji zilionesha chui wakiuawa mpaka katikati ya miaka ya 1990. Mradi wa uhifadhi wa Jozani uliweka mpango wa kumlinda, kisha mwaka 1997 ukauacha kwa kukosa dalili zake. Baadhi ya Wazanzibari wakapendekeza waendewe hao wanaosemwa kufuga, walipwe, nao wawaoneshe wageni chui wao. Wapo waliocheka. Lakini ukikubali kwamba chui ana mwenyewe, hakuna pendekezo lenye mantiki kuliko hilo.

Kipi ni ushahidi, kipi si ushahidi

Kosa la kawaida kabisa ni kumdhani ngawa kuwa ni chui. Ngawa ana kilo 7 hadi 20, ana mabaka na mistari myeusi, na hutembea usiku. Akishtuka husimamisha manyoya ya mgongoni, mwili ukaonekana mkubwa ghafla. Katika mwanga wa taa za gari, bila ya kitu cha kulinganisha, ngawa aliye umbali wa mita kumi anaweza kuonekana chui aliye umbali wa mita thelathini. Anayekusanya maelezo asianze kwa kuuliza "alikuwa na madoa?", maana jibu litakuwa ndiyo. Aanze na mkia. Mkia wa chui ni mrefu, zaidi ya nusu ya kiwiliwili, na ncha yake hujikunja juu. Wa ngawa huning'inia. Kisha aulize uso: ngawa ana weusi machoni kama aliyevaa barakoa. Amwachie shahidi achore hata kama hajui kuchora, na asimkatize.

Unyayo ni bora kuliko maneno, ila ardhi yetu haisaidii. Jiwe la maweni halishiki alama. Pa kutafuta ni mifuko ya udongo baina ya mawe, njia za mchanga, na pembezoni mwa mikandaa maji yakishakupwa. Huko bahari hufuta kila kitu mara mbili kwa siku, basi fika mapema. Unyayo wa chui ni wa mviringo, una vidole vinne, na hauna alama za kucha kwa sababu huzirudisha ndani akitembea. Sehemu ya nyuma ya kitanga ina vifundo vitatu. Mbwa huacha kucha, unyayo wake ni mrefu kuliko mpana, na kati ya vidole na kitanga unaweza kuchora msalaba wa mshazari bila kugusa alama. Ngawa huacha kucha pia, na unyayo wake ni mdogo. Chui mzima wa bara huacha unyayo wa sentimita 7 hadi 9 kwa upana; wa Unguja tungetarajia upungue. Pima chini kabisa ya shimo la unyayo, si kwenye kingo, kwa kuwa matope huutanua na mbwa wa kawaida akageuka jitu.

Kwa mbuzi aliyeuawa, angalia shingo. Chui huuma koo au kisogo na hushikilia, kwa hiyo matundu ni machache na yamezama. Mbwa huuma miguu, mapaja na masikio, huchana ngozi, na mara nyingi huacha mbuzi wengine wamejeruhiwa. Umbali baina ya matundu mawili ya meno ya chonge hautoshi peke yake, kwani mbwa mkubwa na chui hulingana, sentimita 4 hivi. Kinachotoa jawabu ni kuchuna ngozi ya shingo na kuitazama kwa ndani: palipoumwa mnyama akiwa hai damu huvilia, palipoliwa baada ya kufa hapavilii. Fanya hivyo asubuhi ileile. Ikifika adhuhuri, nzi, kenge na joto vitakuwa vimeharibu kila kitu.

Picha nazo zina mipaka yake. Mwaka 2018 kipindi cha televisheni cha Animal Planet, kikiongozwa na Forrest Galante, kilionesha picha za kamera ya kutegwa, ile inayojipiga yenyewe mnyama akipita, ambazo kilisema ni za chui wa Unguja. Tuseme ni chui kweli. Picha ingethibitisha kwamba chui alipita mbele ya kamera ile usiku ule. Isingethibitisha ukoo wake, maana chui anaweza kuvushwa mkondo akiwa mtoto ndani ya kikapu. Ukoo unahitaji vinasaba, na vinasaba vinahitaji kulinganishwa na zile ngozi za makumbusho.

Kamera: nini huharibika

Kamera za kutegwa zimeshafanya kazi nzuri hapa. Kanu wa Unguja, mnyama mla nyama mwenye ukubwa wa paka, hakujulikana kwa sayansi mpaka miaka ya 1990, na mwaka 2003 kamera zilizotegwa Jozani zikatoa picha zake za kwanza akiwa hai. Chui hakutokea katika kamera hizohizo. Je, hilo linathibitisha kwamba hayupo?

Fanya hesabu ya mfano. Tuseme chui yupo, na kwa wastani hupita mbele ya kamera mara moja katika kila usiku-kamera 1,000 (kamera 20 kwa siku 50 ni usiku-kamera 1,000). Ukitega kwa kiasi hicho tu, nafasi ya kumkosa kabisa ni asilimia 37, zaidi ya theluthi. Ukifika 3,000, yaani kamera 40 kwa siku 75, nafasi ya kumkosa hushuka hadi 5. Ili ifike 1 unahitaji 4,600. Na hesabu hiyo inafaa tu pale kamera zilipo. Usiku 4,600 wa Jozani hausemi lolote kuhusu Mtende, Muyuni wala Kiwengwa.

Kamera hufungwa sentimita 40 hadi 50 kutoka ardhini, mita tatu au nne kutoka njiani, mbili mbili zikitazamana. Mbili, kwa sababu madoa ya ubavu wa kulia hayafanani na ya kushoto, na bila ya kuwa na pande zote mbili chui mmoja anaweza kuhesabiwa wawili. Zisitazamane sawasawa, la sivyo mmweko wa moja huipofusha nyengine. Kituo kimoja na kingine hutenganishwa kwa kilomita moja au mbili.

Adui wa kwanza ni joto. Kihisio cha kamera hakioni mnyama, kinaona tofauti ya joto baina ya mwili wake na mazingira. Mchana wa kaskazi, hewa ikikaribia joto la ngozi ya mnyama, anaweza kupita na kamera isishtuke. Wa pili ni majani: upepo ukiyatikisa yaliyopigwa na jua, kamera hupiga maelfu ya picha tupu na betri hufa kabla ya wiki. Fyeka mbele, lakini si sana, mnyama asije akabadili njia. Masika unyevu huingia kwenye kioo, na siafu na chungu hufanya makao ndani ya kasha. Kilichobaki ni wezi, na dawa yake ni kuzungumza na sheha na watu wa shehia kabla ya kutega, si baada.

Umri nao husema

Chui porini huishi miaka 10 hadi 12, mara chache hupita 15. Aliyezaliwa katikati ya miaka ya 1990, takwimu za wasasi zilipokuwa bado zinamtaja, hayupo tena hata kama hakuguswa na mtu. Kwa hiyo anayesema chui yupo leo hasemi kwamba kuna mzee mmoja aliyejificha. Anasema kwamba wapo waliozaana, vizazi vitatu au vinne tangu wakati huo. Jike hubeba mimba siku mia hivi, huzaa wawili au watatu, na hukaa nao mwaka mmoja au mmoja na nusu. Wengi wa watoto hufa kabla hawajajitegemea. Kundi la chini ya kumi likiendelea hivyo, ajali ndogo tu, kwa mfano miaka miwili ya kuzaliwa madume matupu, inatosha kulimaliza, mbali ya udhaifu wa kuzaana ndugu kwa ndugu.

Na kundi linalozaana huacha alama. Vijana hufukuzwa na mama zao na hutangatanga wakitafuta eneo. Hao ndio hukamatwa mabandani, na ndio hugongwa na magari. Kwa kisiwa chenye barabara za lami na daladala nyingi kama hiki, tungetarajia mzoga barabarani kabla ya kutarajia picha msituni. Hoja hii kwetu ina uzito kuliko ukimya wa kamera zote.

Ukikuta kitu

Wanyamapori si jambo la Muungano. Mamlaka za bara hazina kazi Unguja. Anayehusika ni Idara ya Misitu ya Zanzibar, chini ya sheria ya misitu Na. 10 ya 1996, na njia fupi ya kuifikia ni sheha. Unyayo upige picha kutoka juu wima, na rula pembeni yake, kisha ufunike kwa beseni. Kinyesi usikishike kwa mkono wala usikitie mfuko wa plastiki, kwa sababu joto na unyevu huotesha ukungu na vinasaba vikaoza kwa siku chache. Kwangua tabaka la nje kwa kijiti kisafi, kiasi cha ncha ya kidole, kwani ndilo lenye seli za utumbo wa mnyama mwenyewe. La ndani ni la mbuzi au paa aliyemla. Litie katika chupa ndogo yenye spiriti ya asilimia 95 au zaidi, spiriti iwe mara nne ya kinyesi. Nywele zitie katika bahasha ya karatasi, zenye shina lake, si zilizokatika. Andika tarehe, saa, shehia na mahali penyewe kwa penseli, kwa kuwa spiriti ikimwagika hufuta wino.